Toba Nje ya Kuta za Watawa: Walei wa Uluguru tangu 1882

Aghalabu mtu akitajiwa maisha ya toba humfikiria mtawa aliyejitenga na dunia, mwenye kanzu nzito na mlo mdogo, asiye na mke wa kumtunza wala karo ya mtoto ya kulipa. Lakini katika Kanisa Katoliki wamekuwapo tangu karne ya 13 watu wa namna nyingine, waume kwa wake, wakulima na wachuuzi, waliotaka kuishika toba pasi na kuiacha nyumba, shamba wala soko. Historia hii yaeleza jinsi jambo hilo lilivyoingia na kukua katika Milima ya Uluguru na katika mji wa Morogoro ulio chini yake, na muradi wake ni kuonyesha kwamba kwa muda wa miaka 140 hivi toba ya walei imehama mikono: ilianza kuwa amri ya misheni iliyosimamiwa na padre, ikaishia kuwa hiari ya nyumba na ya jumuiya. Uhamisho huo haukupangwa na mtu mmoja; uliletwa na uhaba wa mapadre, na vita, na umbo lenyewe la milima, na baadaye na sheria mpya zilizotoka Roma.

Chimbuko: 1221 hadi 1883

Mwanzo wa habari uko Italia. Fransisko wa Asizi, aliyefariki mwaka 1226, alipokuwa akihubiri mijini na vijijini alifuatwa na watu wengi waliokwisha kuoa na kuolewa, ambao hawakuweza kuingia utawani kwa sababu ya ahadi za ndoa na wajibu wa malezi. Na kwa ajili ya watu hao, walioitwa Ndugu na Dada wa Toba, ilitungwa kanuni mwaka 1221. Ilikuwa kanuni ya matendo kuliko ya fikira. Iliamuru mavazi yawe ya kitambaa rahisi kisichotiwa rangi, nyama isiliwe siku nne za juma, karamu za anasa ziepukwe, silaha za kuua zisichukuliwe, na viapo visiapwe ila kwa dharura. Nayo ilimtaka anayeingia arudishe kwanza mali ya watu aliyoishika isivyo halali, apatane na jirani zake, kisha akutane na wenzake kila mwezi na kutoa fungu kwa ajili ya wagonjwa na maskini. Watawala wa miji, waliozoea kuwashurutisha raia wachukue silaha na kula kiapo cha vita, walichukizwa mno na watu hawa, hata mapapa wakalazimika kuwakingia kifua. Ndipo ilipodhihirika kwamba toba ya mtu wa kawaida, ingawa hutendwa kimya, yaweza kuwa na taathira kubwa katika mambo ya dola.

Papa Nikolasi IV aliithibitisha kanuni yao mwaka 1289, na jamaa hiyo ikaja kujulikana kwa jina la Utawa wa Tatu wa Mtakatifu Fransisko. Karne sita baadaye, tarehe 30 Mei 1883, Papa Leo XIII aliilegeza ili watu wa zama za viwanda waweze kuichukua: saumu zikapungua, vazi la zamani likawa skapulari na mshipi vinavyovaliwa ndani ya nguo, na sala ya kila siku ikawa Baba Yetu, Salamu Maria na Atukuzwe mara 12. Wakati kanuni hiyo nyepesi ilipotangazwa Roma, wamisionari walikuwa wamekwisha kupiga kambi Morogoro kwa muda wa mwaka mmoja tu, nao hawakuwa wana wa Fransisko.

Milima kabla ya misheni

Hata hivyo, wageni hao hawakukuta nchi isiyojua maana ya kujinyima na kutaka radhi. Waluguru, ambao ukoo wao hufuata upande wa mama na ambao ardhi yao iligawanywa na wakuu wa koo, waliishi katika vijiji vilivyotawanyika kwenye miteremko mikali, wakitegemea mvua ambayo kukosekana kwake kulihesabiwa kuwa ni dalili ya kosa lililotendwa na watu. Huko Kinole alikuwapo Kingalu, mtawala aliyesifika kwa mvua, na upande wa mashariki, katika pango la Kolelo, Waluguru pamoja na jirani zao Wazaramo walipeleka sadaka ili nchi iponywe ukame na balaa. Jamii nzima ilijiona yahusika na kosa, na jamii nzima ikashiriki katika kulifanyia upatanisho.

Chini bondeni, misafara iliyotoka pwani ilipita mji wa Simbamwene, ambao Stanley aliuona mwaka 1871, ikileta nguo, bunduki, biashara ya watumwa na pia Uislamu wenye saumu yake ya Ramadhani. Kwa hiyo Mkristo wa kwanza wa nchi hii alipoambiwa afunge, hakuambiwa jambo geni kabisa. Jipya lilikuwa kwamba mtu mmoja mmoja angetakiwa kujihukumu dhamiri yake, kulitamka kosa lake faraghani mbele ya padre, na kupewa malipizi yake peke yake. Baina ya toba ya jamii na toba ya nafsi ndipo historia yote inayofuata ilipojengwa.

Kutoka Bagamoyo hadi Matombo: 1868 hadi 1897

Mapadre wa Roho Mtakatifu, waliotangulia kukaa Unguja, walifungua misheni ya Bagamoyo mwaka 1868 chini ya Padre Anton Horner. Huko walikusanya watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani, wakawafundisha dini na kazi za mikono, na waliokua wakaozwa na kuwekwa katika kijiji cha Kikristo ambamo kengele ndiyo iliyoamuru saa ya kuamka, ya kusali, ya kulima na ya kulala. Insafu yatulazimisha kusema kwamba watu hao, waliokuwa wametolewa katika shuruti moja, waliingizwa katika utaratibu mwingine ambao haukuwaachia nafasi kubwa ya kuchagua, na kwamba saumu na malipizi kwao vilikuwa sehemu ya sheria za mahali, sawasawa na zamu za shamba.

Hata hivyo, katika mpango huohuo ilifichika mbegu ya jambo tofauti. Mapadre walipotaka kwenda bara hawakwenda peke yao. Misheni ya Mhonda ilipofunguliwa mwaka 1877 katika milima ya Nguru, walifuatana na mume na mke waliofunzwa Bagamoyo, jozi kwa jozi, ili wenyeji waone kwa macho yao jinsi nyumba ya Kikristo inavyoendeshwa. Maisha ya dini, basi, yaliingia bara yakiwa ndani ya ndoa, jikoni na shambani, kabla ya kuwapo mtawa wa kike hata mmoja mzaliwa wa nchi hizi.

Misheni ya Morogoro ilifuata mwaka 1882, Tununguo kando ya mto Ruvu mwaka 1884, na Matombo, katika mashariki ya Uluguru, mwaka 1897. Kadiri walivyopanda milimani, ndivyo wamisionari walivyopoteza uwezo waliokuwa nao Bagamoyo. Mluguru hakuwa mtu aliyekombolewa kwa fedha. Alikuwa na ardhi ya ukoo, na wajomba, na mila za kumlea mwali zilizomweka binti ndani muda mrefu kabla ya kutolewa kwa ngoma. Kengele iliyotawala kijiji kizima pwani haikuweza hata kusikika ng'ambo ya bonde la pili. Ikawa lazima kutafuta mtu wa kukaa kati ya watu, na mtu huyo akawa mwalimu wa dini.

Mwalimu wa dini na miaka ya uhaba: 1905 hadi 1923

Mwaka 1905 ulileta mambo mawili yasiyofanana. Nchini, moto wa Maji Maji uliwaka upande wa kusini, na jina la Kolelo likatajwa katika habari za upinzani dhidi ya kodi ya Wadachi. Roma, mwezi Desemba, Papa Pius X alihimiza waamini wapokee komunyo mara nyingi, hata kila siku wakiweza, ilhali zamani wengi waliipokea mara chache kwa mwaka. Jambo la pili ndilo lililobadili maisha ya Wakatoliki wa milimani zaidi, madhali komunyo iliambatana na saumu kali na maungamo, na wingi wa komunyo ukawa ni wingi wa toba.

Mwaka 1906 iliundwa Vikarieti ya Bagamoyo chini ya Askofu François-Xavier Vogt, ambayo Uluguru ilikuwa sehemu yake, na mwaka uliofuata reli ikafika Morogoro. Ndipo vikaja Vita Kuu. Majeshi ya Waingereza yaliingia Morogoro tarehe 26 Agosti 1916. Wanaume walichukuliwa kuwa wapagazi, chakula kikapungua, na homa kali ya mafua ya mwaka 1918 ikafuata. Misheni zilikosa watu na mali kwa miaka kadhaa.

Katika upungufu huo mwalimu wa dini, mtu mwenye mke na watoto na mshahara mdogo usiomtosha, ndiye aliyebaki nguzo ya kigango. Aliwakusanya watu Jumapili ambapo padre hakufika, akafundisha katekisimu, akawazika wafu, akabatiza walio katika hatari ya kufa, na katika Kwaresima akaongoza Njia ya Msalaba. Hakuwa na mamlaka ya kuondolea dhambi, wala hakuweza kumshurutisha mtu kwa lolote. Alichoweza ni kuonya, kupatanisha na kutoa mfano. Kwa sababu hiyo toba iliyokuwa ikilindwa na sheria ya kijiji cha misheni ilianza kulindwa na sifa ya mtu anayeaminiwa na jirani zake, na hii ndiyo hatua ya kwanza ya kuhama mikono.

Saumu ya njiani na utawala wa Waholanzi: 1934 hadi 1955

Baina ya vita viwili vikuu, wamisionari kutoka Uholanzi walichukua mahali pa wenzao wa kwanza, na mwaka 1934 Bernard Hilhorst akawa askofu. Zama zake zilikuwa za shule, zahanati na utaratibu mkali. Mwaka 1937 aliasisi shirika la masista wenyeji wa Moyo Safi wa Maria, ambao makao yao yako Mgolole, nje kidogo ya mji wa Morogoro; na kuanzia hapo binti wa Kiluguru aliyetaka kuitoa nafsi yake yote aliweza kufanya hivyo katika nchi yake mwenyewe. Kwa wale waliobaki majumbani sheria ilikuwa bayana: ndoa iwe ya kanisani na ya mke mmoja, ngoma zilizokatazwa zisichezwe, Ijumaa pasiliwe nyama, na aliyekiuka mambo makubwa alizuiwa sakramenti hadi atubu. Ngoma za unyago zilileta ugomvi wa muda mrefu, kwani wazazi waliona kwamba binti asiyechezwa hatakuwa mtu kamili, ilhali mapadre waliona humo mambo yasiyopatana na ubatizo.

Lakini toba iliyowagusa zaidi watu wa milima haikuwa ile ya nyama. Mkulima wa Matombo au Mgeta hakuwa na nyama ya kula kila siku, na kumkataza Ijumaa kulikuwa ni kumkataza kitu asichokuwa nacho. Uzito ulikuwa katika saumu ya komunyo. Hadi mwaka 1953, mtu aliyetaka kukomunika alipaswa asile kitu wala kunywa hata tone la maji tangu usiku wa manane. Na kwa mtu ambaye kanisa lake liko upande wa pili wa bonde, katika milima ambayo vilele vyake hupita mita 2,600, maana yake ilikuwa kuamka gizani, kushuka hadi mtoni, kuvuka maji asiyoruhusiwa kuyanywa, kisha kupanda tena kwa tumbo tupu, pengine mtoto akiwa mgongoni. Hakuna padre aliyeweza kujua ni nani aliyekunywa mtoni na nani aliyejizuia. Sheria ilikuwa ya Roma, lakini utekelezaji wake ulikuwa siri baina ya mwenda njia na Muumba wake, na hapo walei wengi walizoea kujinyima pasipo mtu wa kuwatazama.

Wakati huo huo, jirani na Uluguru, Wakapuchini wa Uswisi, waliofika mwaka 1921 kushika eneo la Dar es Salaam pamoja na Mahenge na bonde la Kilombero, walikuwa wana wa Fransisko wenye dhima, kwa kanuni zao, ya kuwalea Watawa wa Tatu. Na kutoka Nairobi ulienea Lejio wa Maria, ulioasisiwa Dublin mwaka 1921 na kuletwa Afrika Mashariki mwaka 1936 na Edel Quinn, mwanamke mlei aliyekuwa na ugonjwa wa kifua, ambaye alizunguka Kenya, Uganda na Tanganyika hadi alipofariki mwaka 1944. Lejio haukudai mavazi wala nadhiri. Ulidai mkutano wa kila juma, sala, na saa za kazi ya huruma kwa wagonjwa na waliopotea. Wakatoliki wakaona kwamba muda wa mtu nao waweza kuwa sadaka.

Tukio moja la zama hizo, ingawa si la dini, lafaa kutajwa. Mwaka 1950 serikali ya Waingereza ilianzisha mpango wa kuhifadhi ardhi ya Uluguru, ukiwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko. Kazi ilikuwa nzito, mavuno hayakuonekana kuongezeka, na mwezi Julai 1955 watu wa Matombo waliasi. Polisi walipiga risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukaachwa. Watu hao hao, Wakristo kwa Waislamu, walikuwa wakijinyima chakula kwa siku nyingi kila mwaka kwa ajili ya Mungu. Taabu iliyoamriwa pasi na maana waliyoielewa waliikataa hata kwa damu, na hilo lilikuwa somo kwa mtawala yeyote, wa serikali au wa Kanisa, aliyedhani kwamba Mluguru hubeba mzigo kwa kuwa ameamriwa.

Badiliko kubwa: 1964 hadi 1978

Vikarieti ya Bagamoyo ilikuwa imekwisha kuwa Jimbo la Morogoro mwaka 1953, na Tanganyika ikapata uhuru mwaka 1961. Mtaguso wa Pili wa Vatikano ulitangaza mwaka 1964 kwamba waamini wote, wa kila hali, wanaitwa kwenye ukamilifu wa utakatifu, na mwaka uliofuata ukatoa hati juu ya utume wa walei. Kisha, tarehe 17 Februari 1966, Papa Paulo VI aliandika upya sheria ya toba: saumu za lazima zikabaki mbili, Jumatano ya Majivu na Ijumaa Kuu, wajibu wa Ijumaa ukabaki, ila maaskofu wakaruhusiwa kuweka matendo ya sala na ya mapendo mahali pa kuacha nyama. Saumu ya komunyo ilikuwa imekwisha kupunguzwa hata ikawa saa moja. Mwaka huo huo wa 1966 Morogoro ilimpata askofu wake wa kwanza Mwafrika, Adriani Mkoba.

Mambo hayo mawili yalikutana kwa sadfa, lakini hatima yake ilikuwa moja. Mzigo wa sheria ulishushwa wakati uleule ambapo uongozi wa Kanisa ulipita mikononi mwa wana wa nchi, na walei wakaulizwa swali ambalo babu zao hawakuulizwa: kwa kuwa sasa hulazimishwi, wataka kufanya nini? Azimio la Arusha la mwaka 1967 nalo lilikuwa likiwaita wananchi kwenye kujitegemea na kuacha unyonyaji, likiongozwa na mlei Mkatoliki, Julius Nyerere, aliyehudhuria Misa kila siku na ambaye mchakato wa kumtangaza mwenye heri ulifunguliwa mwaka 2005. Mwaka 1972 wanawake Wakatoliki waliunda WAWATA, na mwaka 1976 maaskofu wa Afrika Mashariki waliamua kuzifanya jumuiya ndogo ndogo kuwa msingi wa uchungaji.

Tarehe 24 Juni 1978, wiki chache kabla ya kufariki, Paulo VI alithibitisha kanuni mpya ya Utawa wa Tatu. Orodha ya saumu na ya vyakula haikuwamo tena; mahali pake uliwekwa wito wa kuongoka kila siku, kuishi kwa kiasi, kuwa mpatanishi, na kuitakasa kazi. Kanuni iliyoanza mwaka 1221 kwa kuhesabu siku za nyama ilikuwa imefika mahali ambapo mwalimu wa dini wa Uluguru alikuwa amekwisha kufika kwa kukosa namna nyingine.

Jumuiya na mji: tangu 1978 hadi leo

Leo toba ya mlei wa Morogoro hutendwa zaidi katika jumuiya. Nyumba zilizo jirani hukutana kila juma kwa zamu, husoma Neno, na katika Kwaresima huongeza Njia ya Msalaba na kuchangia kile walichojinyima. Mgonjwa hutembelewa, mfiwa husaidiwa kuzika, na ndugu wawili waliogombania mpaka wa shamba hukalishwa chini. Mambo hayo yafanana sana na yale ya mwaka 1221 kuhusu fungu la maskini na upatanisho wa jirani, na kadhalika yafanana na fikira ya zamani ya milima hii kwamba kosa la mtu mmoja lawahusu wote. Toba ya nafsi, iliyoletwa na wamisionari, na toba ya jamii, iliyokuwapo kabla yao, zimekaa chumba kimoja.

Upande wa pili wa mizani pana hasara ambazo haifai kuzificha. Kwa wengi Ijumaa imekuwa siku kama nyingine, kwani ruhusa ya kubadili tendo la toba ilieleweka kuwa ruhusa ya kuliacha. Katika jumuiya, wanawake ni wengi kuliko wanaume, hata mzigo wa kupatanisha na kuhudumia umewaelemea wao. Na mji wenye vyuo vikuu, viwanda, soko na magari ya usiku hauna saa moja ya watu wote. Mwanafunzi, dereva na mama lishe hawawezi kukutana alfajiri moja.

Hata hivyo, maana ya toba imepanuka kuelekea mambo ya umma. Maaskofu Wakatoliki wa Tanzania hutoa ujumbe kila Kwaresima, na ule wa mwaka 2018, uliogusa uhuru wa watu na hali ya siasa nchini, ulizungumzwa mbali nje ya makanisa. Mwaka 2025 Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 5 Machi, siku chache tu baada ya Ramadhani kuanza, na mjini Morogoro, ambapo Wakristo na Waislamu ni wapangaji wa nyumba moja na wenye meza za soko moja, waliofunga kwa sheria mbili waliuziana unga na matunda mchana kutwa.

Katika kuhama kwake mikono, toba ya walei wa Uluguru imepoteza msimamizi, ikapata uhuru; na uhuru huo ndio mtihani wake mgumu kuliko safari zote za milimani. Zamani mtu aliyeacha kuungama alijulikana kwa padre. Sasa anayeacha hajulikani kwa yeyote. Kipimo kilichobaki ni kile kilichoandikwa kabla ya yote, nacho chaweza kukaguliwa na jirani yeyote: je, deni limelipwa, mali ya watu imerudi, ugomvi umekwisha, na mgonjwa wa nyumba ya tatu amepata wa kumtazama? Jumuiya inayoweza kujibu ndiyo kwa maswali hayo imerithi kanuni ya Asizi, hata kama hakuna mwanajumuiya hata mmoja aliyewahi kuisoma.